Keki ya Deni



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, hata watacheka wakisema, "Walimu hawa wameishiwa na mambo ya kuandika." Twataka kunena juu ya keki. Lakini twawasihi msifunue ukurasa mwingine upesi. Wazee walituachia neno, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu tumeuona kwa macho yetu katika nyumba za watu tunaowaheshimu na kuwapenda.

Tangu Musoma penye ufuko wa ziwa, hata Bunda penye barabara kuu iendayo Mwanza, hata Butiama penye vilima na mawe, imeshika desturi ya kwamba sikukuu isiyo na keki nyeupe haihesabiwi kuwa sikukuu. Krismasi ni keki. Pasaka ni keki. Ubatizo, kipaimara na arusi ni keki. Nayo haikuokwa na mama wa nyumba. Ni keki ya unga wa ngano iliyonunuliwa mjini, iliyopakwa sukari nyeupe pe, pengine ya ghorofa mbili au tatu. Huja juu ya pikipiki, abiria ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa apelekwaye hospitali. Ikifika huwekwa juu ya meza yenye kitambaa, watu husimama, hukatwa, na wakubwa hulishwa kipande kidogo kinywani huku wakipigiwa makofi. Watoto wa nyumba husimama mlangoni wakitazama. Kisha imekwisha.

Hatuna ugomvi na furaha. Mungu hakuwaumba watu wake ili wanune. Swali letu ni moja: fedha ya keki ile imetoka wapi, na ni nani atakayeilipa?

Twawapa habari moja, tukificha jina la mtu na la kijiji, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Krismasi moja tulialikwa nyumbani kwa mzee mmoja, mkulima, mtu mwema asiyekosa kanisani. Chakula kilikuwa kizuri: samaki wa ziwani, ugali wa muhogo na mtama, na kuku. Kisha ikaletwa keki kubwa, tukaipigia makofi pamoja na wengine. Twaungama hilo, maana nasi tulikuwamo. Mwezi wa Januari shule ikafunguliwa, na binti yake, mtoto mwenye akili, hakuonekana. Juma la pili tukaenda kuuliza. Tukamkuta mama yake anapeta ulezi uani. Tukamwamkia, naye akatukaribisha kwa heshima, lakini hakuinua macho. Tukasema, "Mama, ulezi huu ni wa uji?" Akajibu, "Walimu wangu, huu ni wa mbegu. Wa chakula umekwisha."

Ndipo tulipofahamu. Mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya sare na madaftari alikuwa ameuzwa ili keki inunuliwe, na bei ya mbuzi haikutosha. Kilichopungua kilikopwa, na mwenye kukopesha alikuja siku tatu baada ya Krismasi akachukua madebe mawili ya ulezi. Kweli, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Lakini sare na madaftari haviokotwi njiani. Baba wa nyumba alipotuona aliketi kimya muda mrefu, kisha akasema, "Walimu, jirani yangu aliileta mwaka uliopita. Mimi ningekuwa mtu gani?"

Katika neno hilo, Mimi ningekuwa mtu gani, ndimo ulimo ugonjwa wote. Hakusema kwamba watoto wake waliitamani keki. Hakusema kwamba wageni waliiomba. Aliogopa macho ya watu, na kwa kuogopa macho hayo akayalisha mbegu ya shamba lake. Waswahili husema, Kukopa arusi, kulipa matanga. Katika nyumba ile arusi ilikuwa ya saa moja, na matanga yakaendelea hata mvua za masika.

Tukiwauliza watu kwa nini keki imekuwa lazima, hutujibu moja katika majibu mawili. Wengine husema, "Ni desturi ya Kikristo." Wengine husema, "Ni ustaarabu." Jibu la kwanza halina msingi. Horini mwa Bethlehemu hapakuwa na keki, wala Maandiko hayakuiamuru popote. Ni desturi ya nchi za Ulaya, na kwetu imekuja hasa kwa njia ya Waingereza, walioitawala Tanganyika tangu Vita Kuu ya Kwanza hata mwaka 1961. Jibu la pili yatupasa kulipima kwa uangalifu, maana twaiga jambo tusilolijua. Basi na tuwatazame hao Waingereza wenyewe, jinsi bibi zao walivyooka nyumbani kwa majira ya mwaka. Tukiisha kuona, tutaamua kama keki yetu ya deni ni ndugu wa keki yao, au imevaa tu nguo yake.

Mwaka wa mwokaji wa Kiingereza ulikwenda pamoja na kalenda ya kanisa na kalenda ya shamba. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio watu waliiita Jumapili ya Kukoroga. Siku hiyo ilikorogwa pudini ya Krismasi, nayo ni mchanganyiko wa unga, mafuta ya ng'ombe, mayai, zabibu kavu na viungo. Na kila mtu wa nyumba, tangu babu hata mtoto mdogo, alishika mwiko akakoroga kwa zamu yake. Keki ya Krismasi nayo iliokwa majuma kadhaa mbele, ikafungwa na kuwekwa, maana keki ya matunda makavu haiharibiki upesi, tena huzidi utamu. Sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, ilikuwa na keki yake iliyofichwa punje ya haragwe ndani; aliyeipata aliitwa mfalme wa usiku ule, awe bwana au mtumishi.

Katika Kwaresima, Jumapili ya nne ilikuwa ya kuwakumbuka mama. Vijana waliotumika katika nyumba za watu walipewa ruhusa kwenda kwao, na keki iliyoandamana na siku hiyo iliitwa simnel. Baadaye keki hiyo ikawa ya Pasaka, ikapambwa vidonge 11 vya lozi, kwa hesabu ya mitume pasipo Yuda. Ijumaa Kuu iliokwa mikate midogo ya viungo yenye alama ya msalaba juu. Tarehe 1 Agosti, ngano mpya ilipoanza kuvunwa, mkate wa kwanza wa unga mpya ulipelekwa kanisani ukabarikiwa, na siku hiyo iliitwa Misa ya Mkate. Tena mwanzoni mwa Novemba, siku za Watakatifu Wote na za Marehemu, ziliokwa keki ndogo za kuwagawia maskini na watoto waliopita mlango kwa mlango wakiwaombea wafu.

Hatukuyaandika haya ili myaige moja moja. Tumeyaandika ili mwone mambo matatu yaliyomo ndani yake.

La kwanza ni mikono. Keki hizo zilitoka katika mikono ya watu wa nyumba. Mtoto aliyekoroga alijua kilichomo, naye alikuwa na sehemu yake katika sikukuu kabla haijafika. Kwetu mtoto huiona keki kwa mara ya kwanza ikiwa imekwisha pambwa, na mara nyingi hiyo huwa ndiyo mara ya mwisho.

La pili ni majira na akiba. Mkate wa Agosti ulitoka katika mavuno ya Agosti. Keki ya Krismasi ilianza kuwekewa vitu mapema, kidogo kidogo. Maskini wa miji ya Uingereza katika karne ya 19 waliunda vyama vya akiba, wakaweka senti chache kila juma ili Krismasi iwakute na kitu. Akiba ilitangulia, karamu ikafuata. Sisi twatanguliza karamu, na njaa yafuata.

La tatu ni fungu la mwingine. Keki ya Marehemu ilikuwa ya kugawa. Punje ya haragwe ilimfanya mtumishi kuwa mfalme. Bwana wetu alipofundisha juu ya karamu aliagiza waalikwe maskini na vilema, wasio na cha kurudisha. Keki yetu hulishwa mgeni wa heshima, ambaye mara nyingi amekwisha kula keki nyingine juma lile lile.

Basi, wenye kusema kwamba wanafuata ustaarabu wa Waingereza wamechukua sukari ya juu, na mambo haya matatu wameyaacha sokoni. Tena ili tusiwasifu Waingereza kupita kiasi, haki yatulazimisha kusema kwamba siku hizi wengi wao nao hununua keki zao madukani, na watoto wao hawajui tena habari ya Jumapili ya Kukoroga. Wala si kila kilichoingia katika tanuri za bibi zao kilikuwa safi. Sukari ilitoka visiwa vya Karibi, ikilimwa na Waafrika waliotekwa wakafanywa watumwa. Na karafuu za Unguja na Pemba, zilizouzwa dunia nzima katika karne ya 19, nazo zilichumwa na watumwa. Lakini sikieni neno hili. Mwaka 1791, Bunge lao lilipokataa kukomesha biashara ya watumwa, Wakristo wengi wa Uingereza, na hasa kina mama washikao mwiko, waliiondoa sukari ya Karibi katika meza zao. Waliona heri kukosa utamu kuliko kula utamu wenye damu. Nao hawakuogopa jirani atasema nini.

Tazameni tena wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 sukari iliwekwa katika mgao Uingereza, na mwaka huo huo ikakatazwa kupaka keki sukari nyeupe kwa ajili ya kuuza. Maarusi wengi wakaoa kwa keki ndogo ya unyonge iliyofunikwa kwa kifuniko cha karatasi ngumu kilichopakwa rangi nyeupe, ili picha ipendeze. Akina mama walitia karoti katika keki ili ipate utamu. Mgao wa sukari haukuondolewa hata mwaka 1953. Je, ndoa zile zilibatilika? Krismasi zile zilikosa kuwa Krismasi? Watu hao hao tunaowaiga walisherehekea miaka 13 kwa kile kilichokuwapo, na wajukuu wao huyasimulia mambo hayo kwa fahari.

Sasa twaja kwa ulezi wetu. Twasikia watu, tena waliosoma, wakisema kwamba ulezi ni chakula cha wagonjwa na cha pombe, mtama ni wa wenye njaa, na ngano ndiyo ya wageni. Dharau hii si ngeni duniani. Kaskazini ya Uingereza kuna nchi ya Waskoti, yenye baridi na mvua nyingi, ambamo ngano haikustawi vizuri. Wao walikula shayiri na nafaka iitwayo oti. Mwaka 1755 Mwingereza mmoja mwenye elimu kubwa, Samuel Johnson, alipotunga kamusi yake, aliwafanyia Waskoti mzaha humo, kwa kuwa nafaka waliyokula ilikuwa chakula cha farasi kwa Waingereza. Waskoti hawakukimbia kukopa ngano. Waliendelea kuoka mikate yao ya oti juu ya bamba la chuma, na leo mikate hiyo huuzwa kwa bei nzuri London kwenyewe.

Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika nchi hiyo ya Waskoti, mjini Edinburgh, tangu mwaka 1949 hata 1952. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliihimiza nchi nzima ijitegemee. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1999. Nasi twawapeleka wageni kulitazama kaburi lake, twawaeleza habari za kujitegemea kwa sauti kubwa, kisha twarudi nyumbani kukopa keki.

Ngano nyingi iliwayo Tanzania huja kwa meli, ingawa hulimwa kiasi katika nyanda za Hanang na za kusini. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili zenye kuuza ngano nyingi duniani, bei ya ngano ilipanda ulimwenguni kote, na andazi la sokoni likapungua ukubwa. Vita ya watu wa mbali iliingia katika kikaango chetu. Ulezi haukuingojea meli yo yote. Ni nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ikaenda hata Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Huwekwa ghalani miaka mingi pasipo kubunguliwa upesi. Tena una kalsiamu, yaani madini yajengayo mifupa na meno, mara nyingi kuliko ngano. Chakula cha namna hii twakipa mgonjwa na mtoto mchanga kwa kuwa twajua nguvu yake. Mbona mgeni twamnyima?

Wasomaji wa Maandiko wakumbuke pia ile mikate mitano ya yule kijana, iliyowashibisha watu elfu tano. Yohana ameandika wazi kwamba ilikuwa ya shayiri, na shayiri katika nchi ile ilikuwa nafaka ya maskini. Bwana hakuuliza kwa nini haikuwa ya ngano. Wakumbuke na mjane wa Sarepta, aliyemwokea Eliya mkate mdogo kwa konzi ya unga iliyosalia pipani. Alioka kwa alichokuwa nacho. Kama angalikwenda kukopa ili amwokee nabii keki kubwa, tusingalisoma habari zake leo.

Huenda msomaji mwingine, kwa kuona bidii yetu, atasimama upande wa pili aseme, "Kweli! Keki ni kitu cha Wazungu, na itupwe yote." Huyo naye hatukubaliani naye. Mwaka 1647, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Uingereza lilizifuta sikukuu za Krismasi na Pasaka, likidhani kwamba kwa kuondoa karamu litaondoa upuzi. Watu walinung'unika, pengine wakafanya ghasia, na mwaka 1660 mfalme aliporudi, sikukuu zikarudi pamoja naye. Furaha ya watu haifutwi kwa amri. Tena tukitupa kila kilichotoka ng'ambo, tutatupa mahindi na muhogo, maana vyote viwili vilitoka Amerika vikaletwa Afrika na Wareno. Babu zetu walivipokea, wakavilima kwa jembe lao, wakavipika kwa namna yao, na leo ni nani huko Majita au Ukwaya awezaye kuuita muhogo chakula cha kigeni? Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyopokea kitu. Nasi na tuipokee keki vivyo hivyo: iingie nyumbani mwetu kwa mlango wa shamba na wa jiko, isiingie kwa mlango wa mkopeshaji.

Atasema mwingine, "Walimu, sisi hatuna tanuri." Ndugu, maskini wa London nao hawakuwa nayo. Katika karne ya 19 wengi walichukua chakula chao cha Krismasi katika chombo wakakipeleka kwa mwoka mikate, awaokee katika tanuri lake kwa malipo kidogo. Ile pudini yao mashuhuri haikuokwa kabisa. Ilifungwa katika kitambaa ikachemshwa ndani ya sufuria kwa saa nyingi. Nao watu wa Wales walioka keki ndogo juu ya bamba la chuma, kama sisi tukaangavyo chapati. Tanuri ni akili ya mpishi.

Akina mama wengi wa kwetu wanaijua njia hii, lakini twaiandika kwa ajili ya wasioijua. Chukueni kikombe 1 cha unga wa ulezi uliochekechwa vizuri, na kikombe 1 cha unga wa ngano. Maana ulezi peke yake hauna unato wa kushika keki ipande. Changanyeni humo vijiko vidogo 2 vya unga wa kuumulia keki, ule uuzwao madukani katika vikopo, na tangawizi na mdalasini kidogo. Katika bakuli jingine pondeni ndizi mbivu 3, pigeni humo mayai 3, tieni nusu kikombe cha samli au mafuta, na robo kikombe cha asali au sukari. Unganisheni vyote, na uji ukiwa mzito mno ongezeni maziwa ya mgando kidogo. Mimineni katika sufuria iliyopakwa mafuta. Sufuria hiyo iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwisha pata moto, ifunikwe kwa mfuniko bapa, na makaa yawekwe juu ya mfuniko, mengi juu kuliko chini. Baada ya dakika 40 au 50 chomeni kijiti katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Itakuwa nyeusi kidogo, itanukia tangawizi, na mtoto aliyeponda ndizi atakula kipande chake akiwa ameketi, wala hatasimama mlangoni.

Kuna shauri jingine ambalo lina haki ya kusikilizwa. Mjini Musoma na Bunda wako akina mama, na vijana pia, wanaolisha nyumba zao kwa kuoka keki na kuziuza. Je, twataka wafe njaa? Hasha. Kazi ya mikono ni kazi ya heshima, nao wengine wao ni wanafunzi wetu wa zamani. Awezaye kulipa kwa fedha iliyo mkononi, na anunue kwao kwa amani. Lakini hao waokaji nao twawaambia neno: jifunzeni kuoka kwa ulezi na kwa mtama, fanyeni keki ndogo ya bei ndogo, na msimkopeshe mtu keki ambayo mwajua italipwa kwa chakula cha watoto wake. Mfanyabiashara mwenye kumcha Mungu hupima pia mfuko wa mteja wake. Na wale wenye vikoba, wakusanyao fedha kila juma, kwa nini wasiweke fungu dogo la sikukuu tangu mwezi wa Julai, kama walivyofanya maskini wa Uingereza? Desemba itawakuta na unga, mafuta na asali, wala hapana atakayepiga hodi siku ya tatu.

Tena twapenda kuuliza: kwa nini kuoka kwetu kote kumefungwa kwa mwezi wa Desemba, wakati ghala la wengi limepungua na mashamba ya vuli yangali mabichi? Wakati wa shibe yetu ni baada ya mavuno ya masika. Makanisa yetu hutoa sadaka ya mavuno, watu hupeleka mahindi, ulezi, kuku na maboga. Hapo ndipo pangefaa kila nyumba ipeleke na mkate mmoja wa unga mpya, uliookwa kwa mikono yake, ukabarikiwa, kisha ukakatwa wakala kwanza wajane na yatima wa mtaa. Hiyo ingekuwa keki ya majira kwa kweli, maana majira yenyewe ndiyo yangeileta.

Linabaki jambo gumu kupita yote, nalo ni macho ya watu. Hatuwezi kumwambia mkulima mmoja, "Wewe acha keki ya deni," kisha sisi wenye majina tukaendelea kuipigia makofi. Aibu ya mmoja huondolewa na wengi. Kwa hiyo twaanza na sisi wenyewe. Sisi tuandikao maneno haya tumeagana kwamba tukialikwa karamu hatutauliza keki iko wapi, wala hatutatoa hotuba ya kuisifu. Na katika nyumba zetu, Krismasi hii, itakatwa keki ya ulezi mbele ya wageni wote, pasipo kuomba radhi. Twawasihi wazee wa kanisa, wasimamizi wa arusi, na akina mama wa vyama vya sala wafanye vivyo hivyo. Mwenye cheo akianza, maskini hupata ruhusa.

Yule binti tuliyemtaja alirudi shuleni mwezi wa Machi, baada ya wajomba zake kuchanga sare. Alikuwa amekosa majuma manane. Tulimpa madaftari ya wenzake anakili, naye alinakili usiku kwa mwanga wa kibatari, lakini katika mtihani wa nusu mwaka, yeye aliyezoea kuwa wa pili, alikuwa wa kumi na tisa. Baba yake alikuja siku ya wazazi, akaiangalia karatasi ile, akaikunja vizuri akaitia mfukoni, asiseme neno.

Ndugu wasomaji, itazameni karatasi ile pamoja naye, kisha mwambieni jirani yenu.